Tafsiri ya Kikapu cha Masereka

Kazi yangu ya kumaliza chuo kikuu ilikuwa na kurasa nyingi na wazo moja tu: mzigo ni mzigo.

Profesa wetu wa fasihi alikuwa padri kutoka mkoa mwingine, aliyekuja Butembo kufundisha muhula mmoja, kisha vita vikakata barabara nyuma yake. Alitusomesha hadithi ya kale ya Kifaransa kuhusu msafiri anayeuvuka mto uleule tena na tena, kwa kuwa mto wenyewe unajizungusha bondeni. Kila akivuka, mvushaji anamtaka aache mzigo mmoja ukingoni. Profesa alisema mizigo ni dhambi, mto ni maisha, mvushaji ni kifo. Mwaka uliotangulia, wenzetu walituambia, mvushaji alikuwa neema ya Mungu. Niliinua mkono. Kama mwandishi alitaka kusema dhambi, nani alimzuia? Mbona mzigo wa kwanza ni chumvi, wa pili sufu, wa tatu masufuria ya shaba, na kila kimoja kimeelezwa ubora wake? Nilikulia nyuma ya duka la vitambaa la baba yangu mdogo. Nilimtambua yule mwandishi tangu ukurasa wa kwanza. Alikuwa mfanyabiashara aliyepoteza bidhaa zake njiani, na bado alikuwa anazililia.

Nikaandika hivyo, nikatetea hivyo mbele ya jopo, nikapewa alama nzuri. Profesa alinipa mkono akaniambia nina akili ya mtu wa forodha: nafungua kila mfuko na kuona kilichomo tu. Nilipokea maneno yale kama sifa.

Halafu nikapata kazi ya kufundisha Kifaransa katika sekondari moja ya Beni, upande wa Bungulu. Ilikuwa miaka ile ambayo miji yetu ilikuwa mikononi mwa waasi na wanajeshi wa nchi jirani, na mshahara wa serikali ulikuwa uvumi kutoka Kinshasa. Wazazi wa wanafunzi ndio waliotulisha. Mjini watu walikuwa wamezoea kuzungumza kwa kuzunguka. Mtu akitoka upande wa kaskazini, hawakumwuliza kama kuna mapigano. Walimwuliza kama mvua inanyesha kule. Siku moja nilitazama wingu jeusi dirishani mwa chumba cha walimu nikasema mvua itatushika mchana. Mwalimu wa hesabu akakusanya chaki zake akarudi nyumbani bila kuaga.

Wanafunzi wangu, waliolelewa katika lugha hiyo, walikuwa wasomaji wabaya sana. Kila hadithi niliyowapa waliitafutia wanajeshi. Fisi ni nani, mwalimu? Fisi ni fisi. Na mto je? Nendeni mkawaulize wanaovuka Semuliki. Walicheka, lakini hawakuniamini hata kidogo. Walidhani naogopa.

Yule ambaye sasa ni mke wangu alikuwa akifundisha darasa la kwanza katika shule ya msingi iliyopakana nasi kwa ukuta. Alitoka Masereka, juu milimani, ambako baba yake alikuwa mkulima wa viazi. Nilimpenda kwa sababu nyingi, na moja ni kwamba alisema alichotaka kusema. Baada ya miezi kadhaa ya kukaa naye wakati wa mapumziko, kila mmoja na kikombe chake, alinigeukia akaniuliza:

“Donc, tutaoana ao tutaendelea tu kukunywa chai?”

Nikasema tutaoana. Akasema vizuri, basi nimalize chai yangu, kengele italia.

Kwetu, hata hivyo, watu wawili kukubaliana si jambo bado. Lazima ukoo uende kwa ukoo. Na safari ile ya kwanza ina utaratibu wake: hakuna anayetaja jina la msichana, hakuna anayetamka neno ndoa, na kijana mwenyewe hukaa nyuma, amefunga mdomo, wakati msemaji wake anazungumza juu ya kitu kingine kabisa. Msemaji wangu alikuwa baba mdogo, aliyenilea tangu baba yangu alipofariki. Kuuza vitambaa ilikuwa kazi yake, lakini kusema kwa ajili ya mabwana harusi ndiyo ilikuwa starehe yake. Nusu ya mtaa wetu wa Butembo iliolewa kwa kinywa chake.

“Unajua kazi yako kule?” aliniuliza asubuhi ya safari, akifunga kamba za viatu.

“Kunyamaza.”

“Kunyamaza mudomo na kunyamaza uso. Uso yako inaulizaka maulizo.”

Tulipanda juu ya lori mpaka mahali barabara nzuri inapoishia, kisha tukapanda kwa miguu ndani ya ukungu, katikati ya mashamba yaliyolimwa mpaka kwenye ncha ya kila kilima. Baba yake alitupokea mlangoni. Mtu mrefu, mkavu, amevaa kofia ya sufu ambayo hakuivua. Tulipewa chai. Baada ya chai tulipewa chai nyingine. Nilimwona baba mdogo akitazama kuelekea jikoni, kisha akitazama kikombe chake, kisha akikohoa ili aanze.

“Baba, sisi ni batu ya Butembo,” alisema kwa Kiswahili chetu cha mjini, ambamo “mais” ya Kifaransa ni lakini na “njo” ni ndiyo. “Kwetu chungu iko juu ya mafiga na moto inawaka. Mais maji hakuna. Njo tulisikia kama huku kwenu kuko chemchemi.”

Mzee wa nyumba alifikiri. “Chemchemi iko,” alisema.

“Na maji yake ni safi?”

“Ni safi. Mais inatoka chini ya mawe. Mutu wa haraka atachafua.”

“Sisi hatuko na haraka,” alisema baba mdogo, ambaye tangu asubuhi alikuwa ananiambia kwamba lori halitatusubiri.

Mimi nilikaa nyuma na kujiuliza kwa nini watu wazima wawili, wote wakijua tulichofuata, wanahangaika hivi. Kama ningesema tu: nampenda binti yenu, ananipenda, tunaomba. Maneno machache, na tungewahi lori. Baba mdogo aligeuka akautazama uso wangu. Nikaunyamazisha.

Tulipoinuka kuondoka, mwenye nyumba aliingia jikoni akakawia. Tulisikia akizungumza na mkewe kwa Kinande, kwa sauti ya chini. Kisha akatoka na kikapu kilichofunikwa kwa majani mabichi, akampa baba mdogo kwa mikono miwili. Wakati anakitoa, aliangalia mlima wa mbele.

“Wasingya,” baba mdogo alishukuru, akainamisha kichwa.

Hapa lazima nieleze jambo moja. Mgeni wa posa harudi mikono mitupu. Anafungiwa chakula: kuku, au maharage, au asali ya msituni kama ipo. Na kile alichofungiwa watu hukitazama sana, kwa sababu wanakihesabu kuwa jibu linalotangulia jibu. Baba mdogo alivumilia mpaka kona ya kwanza, mahali ambapo nyumba haituoni tena. Akafunua majani.

Ndani kulikuwa na viazi vidogo, vilivyokunjamana kama vidole vya mtu aliyefua siku nzima, na kila kimoja kimetoa vichipukizi vyeupe. Vilikuwa mbegu. Mtu hawezi kuvila.

“Unaona?” alisema baba mdogo.

“Naona viazi.”

“Wewe njo mutu alisoma? Viazi!” Alikaa kwenye ukingo wa njia. “Hii ni jibu. Banasema: mutoto yenu ingali mbegu. Hajakomaa. Mumurudishe kwenye udongo, mungojee.”

“Labda ni viazi tu, baba.”

“Mutu hapatiake mugeni viazi tu! Na chai bila kitu! Weye hukuona?”

Kwenye kizuizi cha kuingia mjini, mwanajeshi kijana mwenye redio shingoni alisimamisha lori letu akakichokonoa kikapu mpaka chini. “Oyo nini?” aliuliza. Alitoa kiazi kimoja, vichipukizi vikavunjika mkononi mwake, akakitupa ndani tena na kujifuta kwenye suruali. “Papa, munakulaka hii?”

“Ata ye anajua,” baba mdogo aliniambia lori lilipoondoka.

Nyumbani mama alisikiliza habari yote akiwa amesimama, kisha akakitazama kikapu kwa muda. Yeye aliona jambo jingine: vile vichipukizi virefu ni ahadi nyingi za binti kwa wanaume wengine, na wakwe wanatuonya kwa wema. Jirani aliyekuja kuazima pasi alisema kukunjamana ni uzee, kwamba wanataka kwanza mzee wa ukoo mwenyewe aende, si mdogo wake. Nilijiona kama nimerudi darasani kwangu Bungulu bila kupanda gari, kati ya wale wanaomtafutia fisi maana. Nilipowaambia hivyo hawakuelewa, nikaacha. Mwishowe mama alisema basi, maana ni maana, lakini viazi ni viazi, na akavichukua avimenye ajaribu kuvichemsha.

“Mama Mukubwa, hapana!” baba mdogo alimpokonya. “Matusi haipikwake.”

Akakiweka kikapu juu ya rafu ya duka, kati ya majora ya vitenge, akatangaza uamuzi wake. Hatutarudi Masereka mpaka wao watume mtu. Baada ya siku kumi alikuwa na safari ya Beni kufuata bidhaa, na pale Bungulu kulikuwa na familia moja ya wafanyabiashara, watu wa kanisa, wenye binti aliyemaliza cheti cha ushonaji. Angepita kuwasalimu. Kusalimu tu.

Nilijua salamu zake. Alikuwa na kipaji, na akishawasalimu watu hawezi kujizuia kuwaambia kwamba kwetu chungu kiko mafigani.

Jumatatu nilimsubiri mwenzangu, binti wa mzee yule, kando ya ukuta wa shule. Nilimsimulia yote, nikiigiza sauti, na nilipofika kwenye mwanajeshi na suruali yake alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha nikamwuliza moja kwa moja, kama nilivyozoea: baba yako alikuwa anataka kusema nini?

“Na mbegu gani?” aliuliza, bado anacheka.

“Ndogo. Zimekunjamana. Zimeota.”

“Zilikuwa na harufu ya moshi?”

Nilifikiri. Ndiyo, duka zima la vitenge lilikuwa linanuka moshi, na baba mdogo alikuwa amelalamika.

Aliacha kucheka. Alikaa kwenye jiwe ambalo wanafunzi wake hulitumia kurukia.

“Ni zenye zilikuwa juu ya jiko,” alisema. “Chini ya paa. Alitoa zile.”

Akanieleza. Wanajeshi waliokuwa wamefukuzwa upande wa Alimbongo walipita milimani wakati watu wametoka tu kuvuna. Binamu yake aliyepita Beni alikuwa amemgusia, lakini baba yake alikuwa ametuma neno kwamba wote wazima, hakuna shida, na yeye akaamini kwa sababu alitaka kuamini. Sasa alielewa. Walimaliza ghala. Kuku, maharage, kila kitu. Mbegu za viazi tu ndizo zilizobaki, zimefichwa kwenye moshi, na hata kama zingeonekana hakuna ambaye angezitaka. Na mgeni hawezi kurudi mikono mitupu.

“Hakukuwa kitu ingine mu nyumba,” alisema. “Aliwapatia shamba yake ya mwaka huu.”

Nilikaa kwenye jiwe kando yake. Kengele ililia, wala hatukuinuka. Watu wote niliowajua walikuwa wamezunguka kile kikapu na kukitafutia maana, na mimi peke yangu nilishikilia kwamba ni viazi tu. Nilikuwa sawa. Vilikuwa viazi. Ila sikuwa nimejisumbua kuuliza vimetoka wapi, na yeye amebaki na nini. Mtu wa forodha hodari angeuliza angalau hilo.

“Nitamwambia baba mdogo ukweli,” nilisema.

“Hapana!”

“Ni mutu muzuri. Atasaidia.”

“Njo vile! Ataleta magunia ya mchele, na baba yangu atakuwa mukwe mwenye alilishwa na bakwe mbele ya arusi. Atasema nini tena siku ya kuongea mbuzi ya mahari? Ataitika tu: ndiyo, ndiyo, asante. Miaka yote.” Alijipangusa uso kwa kitambaa cha kufutia ubao, chaki ikamwachia doa shavuni. “Baba alichagua kunyamaza. Na weye utanyamaza.”

“Basi nirudishe mbegu. Mvua za kupanda ziko karibu.”

“Kurudisha zawadi ni kukataa binti. Ukirudisha, mimi niko mwenye kukataliwa.”

“Na tukizishika?”

“Baba hana ya kupanda.”

Tukatazamana. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na jambo la kweli kabisa mkononi, na hapakuwa na mtu hata mmoja ambaye ningeweza kumwambia. Nililigeuza kila upande. Mbegu lazima zirudi Masereka, lakini zisirudi kama zawadi iliyokataliwa. Baba mdogo lazima apande mlima ule tena, lakini si kwa huruma. Na yote hayo kabla hajafika Bungulu kusalimu watu.

Ijumaa mchana nilipata nafasi juu ya magunia ya kahawa nikarudi Butembo, na njia nzima nilimfikiria profesa. Angepewa kikapu hiki, angefanya nini? Angeanza na jambo dogo ambalo wote wameliona na hakuna aliyelijali. Angelivuta polepole. Mbele ya Butembo lori likatopea, tukashuka kulisukuma, na nikiwa nimezama kwenye tope mpaka magotini nililiona: kikapu.

Baba mdogo alikuwa dukani, anapima kitambaa kwa mita. Nilingoja mteja atoke.

“Baba, tulisoma vibaya,” nilisema. “Tulitazama viazi. Hatukutazama kikapu.”

“Kikapu iko na nini?”

“Ni cha nani?”

Alikitazama pale juu. “Cha bo, batu ya Masereka.”

“Kwetu kikapu cha mtu kinarudi vipi?”

“Na kitu ndani,” alisema, na nikaona ameanza kusikia. Hakuna mwanamke wa Butembo anayerudisha kikapu cha jirani kitupu. Hilo hata mimi sikuwahi kulitilia shaka. “Mais ju ya nini mbegu? Angeweka maharage, tungerudisha na maharage.”

“Maharage tungekula, tukatuma mutoto arudishe kikapu, na maneno yangeisha. Alitaka turudi sisi wenyewe. Mbegu hailiwi wala haikai. Ina siku yake. Anatuambia: kama munataka maji yetu, kuyeni mupande pamoja nasi. Mbegu moja, mikono ya nyumba mbili.”

Nilisema hivyo, nikashtuka jinsi ilivyotoka vizuri. Baba mdogo akatia mita yake shingoni. Alikuwa msemaji wa kazi, hakukubali kitu kirahisi. Alinihoji kuliko jopo la chuo.

“Ju ya nini zilikuwa ndogo vile?”

“Mbegu nzuri ni ndogo. Kubwa inaoza.”

“Na chai tupu?”

“Hakutaka tushibe. Mwenye ameshiba anaona kazi imekwisha.”

“Na kuangalia mulima? Alitoa kikapu anaangalia mulima. Mimi nilijua ni zarau.”

“Shamba lake liko wapi?”

Akafumba macho, akarudi Masereka kichwani mwake, akasimama tena mlangoni pale. “Mbele,” alisema taratibu. “Kwenye mulima wa mbele.” Akafumbua macho. “Ah! Alikuwa anatuonyesha!”

Sikuwa nimelifikiria lile la shamba mpaka aliponiuliza. Ndilo lililonitisha kidogo. Kila jambo nililoshika lilikubali kuingia mahali pake, na kwa dakika chache nami nilikuwa karibu kuamini. Nilielewa kwa nini profesa alikuwa mtu mwenye furaha.

“Mama Mukubwa!” baba mdogo aliita kuelekea ua. “Kuya usikie ile mukwe alitwambia!”

Safari ya Beni iliahirishwa. Tulirudi Masereka na majembe, binamu zangu wawili wenye mabega, na kikapu kikiwa mbele kama sanduku la masalia ya mtakatifu. Baba mdogo, ambaye hapendi kupitwa katika adabu, alikuwa ameongeza juu yake gunia zima la mbegu alilonunua sokoni, pamoja na maharage na samaki wakavu, kwa sababu wapandaji lazima wale na hatuwezi kumwachia mwenye shamba mzigo wa kutulisha. Hayo yote aliyafikiri yeye mwenyewe. Sikuhitaji kumwongezea neno.

Mwenzangu alikuwa ametangulia kwao bila kuwaeleza chochote. Alisimama mlangoni mwa jiko na mama yake. Baba yake alitoka nje, akaona majembe, akaona gunia, akaona kikapu chake, na uso wake ukafunga. Nilijua anachosoma: wamerudisha.

Baba mdogo alivua koti lake, akalikunja, akalitundika kwenye uzio.

“Mukwe,” alisema, na hapo mimi nilipumua, kwa sababu neno hilo halikutakiwa kutamkwa mpaka safari ya tatu. “Ulisema na batu ya muji, bale batu ya maduka. Ilituchukua muda. Mais tulisikia. Ulitupatia mbegu ju tuje kupanda na weye. Tuko hapa. Shamba ni ile ya mbele, hapana?”

Mzee alimtazama baba mdogo, kisha gunia, kisha akanitazama mimi, na alinitazama kwa muda mrefu. Sikuutawala uso wangu safari hii. Sijui aliona nini ndani yake. Akamtazama binti yake, ambaye ghafla alikuwa na kazi nyingi na kuni.

“Kumbe,” alisema hatimaye, “munajuaka kusikia.”

“Kidogo,” alisema baba mdogo, kwa unyenyekevu ambao ulimwacha akimeta.

“Ni ile ya mbele. Mais ile mapantalo itachafuka,” alisema, akiitazama suruali ya mjini ya baba mdogo.

“Ichafuke!”

Tulipanda siku nzima. Baba mdogo alikuwa hajashika jembe tangu ujana wake na alichimba mashimo makubwa kama ya kuzikia mbwa. Baba mkwe alimfuata nyuma akiyajaza nusu bila kumwambia. Kabla ya kushuka, mama mkwe alitupatia samaki na maharage tuliyoleta, na yeye na mumewe walikula pamoja nasi, vichwa juu, kama wenye nyumba. Mambo ya mbuzi yalijadiliwa palepale shambani, na baba mkwe alijadili kwa ukali uliomfurahisha kila mtu, hasa binti yake, aliyekuwa akisikiliza huku amefunika mdomo kwa kitenge. Tulifunga ndoa kanisani baada ya mavuno.

Ilipokuja ile tuliyozoea kuiita amani, wazee wetu wawili walikuwa wamekuwa marafiki, na baba mkwe alizoea kushuka Butembo kututembelea. Baba mdogo aliisimulia hadithi ya kikapu kila mahali. Msafara wowote wa posa aliouongoza, aliwaambia vijana kwamba kule Masereka kuna mtu ambaye alisema zaidi kwa viazi kuliko wengine kwa ng'ombe.

Jumapili moja tulikuwa mezani, sahani zimeshaondolewa, kasiksi, pombe yetu ya ndizi, imebaki kidogo kwenye jagi. Baba mdogo alikuwa amefika pale penye “akatuonyesha mulima.” Baba mkwe aliweka kikombe chake chini.

“Ngoja,” alisema. “Sasa ni zamani, haya isha kupita. Mukwe, mimi hapana onyesha mulima. Nilikuwa na aibu. Basoda balimaliza vitu yote. Mu nyumba hakukuwa ata yayi. Nilitoa zile ju hakukuwa ingine.”

Mke wangu aliacha kupangusa meza. Mimi nilishika kikombe changu kwa mikono miwili.

Baba mdogo alimtazama kwa upole, kama anavyomtazama mteja asiyejua ubora wa kitambaa alichovaa.

“Mukwe,” alisema, “weye ni mukulima. Unajua viazi. Mais ile siku, weye hukujua ulisema nini.”

“Nilijua! Sikusema kitu!”

“Ulikuwa na mbegu moja ya mwaka muzima, na ukapatia batu wenye hujawahi kuona. Unaniambia ile si kusema?”

“Ilikuwa adabu!”

“Adabu ya nani? Mwenye hataki mutu arudi anapatiaka mbegu? Alafu tulikuya na majembe. Ukatufukuza? Ukasema mulikosea? Ulisema: munajuaka kusikia. Ni mimi nilisema vile, ao ni weye?”

“Ni mimi,” alikubali baba mkwe.

“Voilà.”

Baba mkwe alinigeukia, mimi msomi wa nyumba, akitaka msaada. Nilikuwa tayari. Nilitaka kusema kwamba mtu ndiye mwenye kujua alichokusudia, kwamba tumeketi na mwandishi mwenyewe hapa mezani, hai, amevaa kofia yake ya sufu, na anatuambia kwa kinywa chake. Nilifungua mdomo. Mke wangu akanikanyaga mguu chini ya meza.

Mzee alivua kofia, akajikuna kichwa, akaivaa tena. Nje mtu alikuwa anapiga honi, na watoto wetu walikuwa wanagombana juu ya nani ni gari na nani ni dereva.

“Na kuangalia mulima,” alisema, kwa sauti ya mtu anayejaribu kiatu kipya, “ni kweli shamba ilikuwa pale.”

“Ilikuwa pale!”

“Bon.” Akasogeza kikombe chake kuelekea jagi. “Anza tena pale mwanzo. Pale nilipotoka jikoni.”

Na baba mdogo akaanza tena, na baba mkwe akasikiliza mpaka mwisho, akiitikia kwa kichwa kwa kuridhika kila hadithi ilipofika mahali pa busara yake mwenyewe.